Shajara ya mradi: mavuno ya chombo kizima kwenye meseji moja

Kikundi cha BMU (wavuvi wanaosimamia uvuvi wa eneo lao) cha mwalo mmoja hapa Mikindani huandika kila chombo kinaporudi: nani walikwenda, wameleta samaki gani, kilo ngapi. Matajiri wengi wa vyombo hawakai hapa. Wako Mtwara mjini, wengine Lindi, na kila jioni humpigia katibu simu kuuliza chombo kimepata nini. Katibu anasoma daftari kwa sauti hadi magharibi inamkuta bado ana simu sikioni.

Kazi ninayoifanya ni hii: ikifika jioni kila tajiri apate meseji moja yenye mavuno yote ya chombo chake. Ndani ya hifadhidata kila aina ya samaki ina mstari wake. Kwenye meseji mistari hiyo yote inatakiwa iwe sentensi moja. Mambo ya kurasa, nywila na rangi nayapita haraka. Hapa naandika habari ya kuigeuza mistari mingi kuwa thamani moja, maana ndipo muda na pesa vilipokwenda. Mwenye ghala la ufuta, duka la vipuri au daftari la vikoba anaweza kunakili. Maswali, yaani amri za kuiuliza hifadhidata, ni yaleyale.

8 Februari 2025: majedwali

Kabla ya hapa katibu alikuwa na faili la Excel. Kila safari ilikuwa na kisanduku kimoja cha samaki, kimeandikwa hivi: "changu 31, tasi 12 na nusu, kole kole 8". Aliponiona nakigawa kisanduku hicho vipande vipande aliuliza swali la maana: "Sasa fundi, si tayari vimeungana? Unavitenganisha ili uje uviunganishe tena?"

Ndiyo. Afisa uvuvi akitaka kujua tasi wa mwezi mzima, kisanduku kile hakijibu. Tena kolekole ameandikwa kwa namna tatu, na "na nusu" hakuna kompyuta itakayoijumlisha. Msimamo wangu, ambao sijaubadilisha tangu hapo: jedwalini kila kitu kikae peke yake, na kuunganisha kufanyike mlangoni, data inapotoka kwenda kwa mtu.

Majedwali yako manne: vyombo (id, jina, simu ya tajiri), safari (id, chombo_id, tarehe), mavuno (safari_id, aina, kilo, idadi) na wavuvi (safari_id, jina). Aina za samaki zinachaguliwa kwenye orodha, haziandikwi kwa mkono. Nimeanza na SQLite, programu ya hifadhidata, kwa sababu ni faili moja na haina gharama. Kilichonunuliwa ni flashi ya kuwekea nakala, shilingi 15,000.

15 Februari 2025: swali la kwanza, na pweza waliopotea

SQLite ina amri ya `group_concat`. Unaipa kitu cha kuunganisha na kitenganishi, halafu `GROUP BY` inasema mistari ipi ni ya kundi moja:

```
SELECT safari_id,
       group_concat(aina || ' ' || kilo, ', ') AS samaki
FROM mavuno
GROUP BY safari_id;
```

Ilijibu papo hapo: "changu 31, tasi 12.5, kolekole 8". Katibu akafurahi, nami nikaanza kuchapa karatasi za kubandika ubaoni ili manahodha wakague kabla hatujaanza kutuma meseji.

Mkaguzi wa kwanza alikuwa nahodha mmoja mtu mzima. Tulikuwa siku chache baada ya mwezi mpevu, bamvua imetoa maji mbali, na wazamiaji wake walikuwa wamerudi na pweza wa kutosha.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba mwanangu. Hii kompyuta yako imefuturu pweza wangu?"

Kweli, kwenye orodha yake hakukuwa na pweza hata mmoja. Nilifungua jedwali, pweza wamo, 14. Tatizo ni kwamba kwenye daftari letu pweza huandikwa kwa idadi, kwa hiyo safu ya kilo imeachwa tupu, yaani NULL. Ukiunganisha neno na NULL kwa alama ya `||`, jibu lote linakuwa NULL. Kisha `group_concat` nayo huruka kila NULL bila kusema lolote. Hakuna onyo, hakuna nafasi tupu, hakuna mkato wa ziada wa kukushtua. Samaki anatoweka, na sentensi inabaki nzuri kabisa.

Dawa ni kutumia tabia hiyohiyo ya NULL kwa faida yetu:

```
group_concat(
  aina || ' ' || coalesce(kilo || ' kg', 'idadi ' || idadi, '?'),
  ', ')
```

`coalesce` huchukua cha kwanza kisichokuwa NULL. Kilo ikiwapo, inatoka na "kg" yake. Isipokuwapo, inajaribu idadi. Zikikosekana zote mbili, inatoka alama ya kuulizia, na katibu anajua kuna mtu hakumaliza kuandika. Ile alama ya kuulizia msiiondoe hata kama inaharibu sura ya karatasi. Katika juma lake la kwanza imekamata mistari iliyoachwa nusu ambayo hakuna mtu aliyejua kuwa ipo.

22 Februari 2025: mpangilio

Matajiri wanataka samaki mzito atangulie. Swali la juu halina mpangilio wowote: SQLite inaunganisha mistari kwa jinsi inavyokutana nayo. Leo changu yuko mbele, kesho yuko nyuma, na mtu anayelinganisha meseji mbili anadhani amebadilishiwa hesabu.

Kuweka `ORDER BY` mwishoni mwa swali hakusaidii, kwa kuwa hapo unapanga safari, samaki walio ndani ya sentensi hawaguswi. Watu wengi hupanga kwenye swali la ndani kwanza kisha wakaunganisha kwa nje. Nilijaribu, ikakubali, lakini maelezo ya SQLite yenyewe yanasema mpangilio ni wa kubahatisha mpaka uandike `ORDER BY` ndani ya mabano ya amri. Ruhusa hiyo ilikuja na toleo la 3.44, lililotoka Novemba 2023. Kompyuta ya ofisini ilikuwa na toleo la zamani zaidi, ikagoma. Kupakua toleo jipya ni dakika chache tu za bando:

```
group_concat(aina || ..., ', ' ORDER BY kilo DESC)
```

SQLite huihesabu NULL kuwa ndogo kuliko namba yoyote, kwa hiyo ukipanga kwa kushuka, pweza wa idadi wanakaa mwisho. Ndivyo tulivyotaka.

Kuna jingine dogo la siku hiyo. Nilitaka orodha ya aina tu bila kurudia jina, nikaandika `group_concat(DISTINCT aina, ', ')`. SQLite inakataa: ukitumia DISTINCT, amri inakubali kitu kimoja tu ndani ya mabano, kwa hiyo huwezi kuchagua kitenganishi. Ondoa marudio kwa `SELECT DISTINCT` kwenye swali la ndani, kisha unganisha nje.

1 Machi 2025: kilo 168, kilo 38, na ukweli ulio katikati

Hatua hii ndiyo iliyokula muda kuliko zote, na ndiyo ningependa anayenakili aisome polepole.

Mweka hazina aliomba majina ya wavuvi yawemo kwenye karatasi, maana mgao unategemea nani alikwenda. Jambo linaonekana jepesi: ongeza jedwali la wavuvi, unganisha majina kama tulivyounganisha samaki, na ujumlishe kilo hapohapo.

```
SELECT s.id,
       group_concat(m.aina || ' ' || m.kilo, ', ') AS samaki,
       group_concat(w.jina, ', ') AS wavuvi,
       sum(m.kilo) AS jumla
FROM safari s
JOIN mavuno m ON m.safari_id = s.id
JOIN wavuvi w ON w.safari_id = s.id
GROUP BY s.id;
```

Chukua safari moja ya siku hiyo. Wavuvi watatu. Ndoo mbili za changu, kila moja kilo 18, tasi 12, kolekole 8. Jumla ya kweli ni kilo 56. Swali likaleta 168, na kila samaki ametajwa mara tatu.

Sababu ni kwamba mavuno na wavuvi hawana uhusiano wowote wao kwa wao. Kila kimoja kinahusiana na safari tu. Ukiviweka pamoja, hifadhidata haijui mvuvi yupi amshike samaki yupi, kwa hiyo inamkutanisha kila mvuvi na kila mstari wa samaki. Mistari minne mara watu watatu ni mistari kumi na miwili. Unapofika wakati wa kuunganisha, mistari tayari ni mingi kupita kiasi, na amri ya kuunganisha haina namna ya kujua.

Ushauri utakaopewa na karibu kila mtu ni kuweka DISTINCT. Nao unavutia kwelikweli, maana orodha inatoka safi: "changu 18,tasi 12,kolekole 8". Hakuna marudio. Ila ndoo ya pili ya changu imekwenda nayo. Ndoo mbili zenye uzito sawa ni vitu viwili, lakini kwa DISTINCT ni kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili. Na ukiweka `sum(DISTINCT kilo)`, jumla inakuwa 38. Kwenye karatasi ya kugawana pesa, 38 ni mbaya kuliko 168. Hiyo 168 kila mtu ataicheka, ataikataa papo hapo. Hiyo 38 inaweza kupita, na mtu akalala na njaa kwa sababu ya neno moja kwenye swali.

Kinachofanya kazi ni kuunganisha kila jedwali kivyake kwanza, mpaka kila safari iwe na mstari mmoja tu wa samaki na mstari mmoja tu wa majina, ndipo uvikutanishe:

```
SELECT s.id, m.samaki, m.jumla, w.majina
FROM safari s
LEFT JOIN (
    SELECT safari_id,
           group_concat(aina || ' ' ||
             coalesce(kilo || ' kg', 'idadi ' || idadi, '?'),
             ', ' ORDER BY kilo DESC) AS samaki,
           sum(kilo) AS jumla
    FROM mavuno GROUP BY safari_id
) m ON m.safari_id = s.id
LEFT JOIN (
    SELECT safari_id,
           group_concat(jina, ', ' ORDER BY jina) AS majina
    FROM wavuvi GROUP BY safari_id
) w ON w.safari_id = s.id;
```

Moja mara moja ni moja. Jumla ikarudi 56, ndoo mbili za changu zipo zote mbili.

Hiyo `LEFT JOIN`, inayobakiza kila safari hata isiyo na mavuno, nayo ina kazi. Kwa `JOIN` ya kawaida, chombo kilichorudi kapa hakina mstari kwenye mavuno, kwa hiyo kinafutika kabisa kwenye ripoti, na tajiri asiyepata meseji hatajua kama chombo chake hakikupata kitu au hakijarudi. Mtu wa pwani hawezi kuachwa na wasiwasi huo. Siku hizi meseji inaandika "hakikupata", kwa `coalesce(m.samaki, 'hakikupata')`.

Njia ya kupima ambayo nimeiacha ndani ya programu: kila usiku inajumlisha kilo za jedwali la mavuno peke yake, kisha inajumlisha safu ya jumla ya swali kubwa. Zikitofautiana, meseji haziendi. Ni mstari mmoja wa kazi.

9 Machi 2025: kuhamia seva, na orodha ya "1, 1, 1"

Katibu na mweka hazina wanataka kuandika wote kwa wakati mmoja, kila mtu na simu yake. Faili moja la SQLite ndani ya kompyuta ya ofisini halitoshi kwa hilo. Tumepanga seva ya bei nafuu, 70,000 kwa mwaka, nayo ina MySQL, programu nyingine ya hifadhidata. Ramadhani imeingia, kwa hiyo kazi inafanyika baada ya tarawehe, umeme ukiwapo.

Kuhamisha data kulikwenda vizuri. Maswali ndiyo yaliyogoma, na sehemu mbaya zaidi hazikugoma. Zilijibu upuuzi kwa heshima.

Kwanza, orodha ya samaki ikatoka hivi: "1, ,1, ,1, ". Hapo kuna mambo mawili yamechanganyika. Kwa MySQL, alama ya `||` kwa kawaida maana yake ni "au", si kuunganisha maneno. Ukiandika changu au nafasi au 31, jibu lake ni kweli, yaani 1. Pili, MySQL haikichukui kitu cha pili ndani ya mabano kuwa kitenganishi. Inakigandisha kwenye neno, kisha inaweka mkato wake wenyewe katikati. Kitenganishi kinataka neno lake, SEPARATOR:

```
GROUP_CONCAT(
  CONCAT(aina, ' ',
    COALESCE(CONCAT(kilo, ' kg'), CONCAT('idadi ', idadi), '?'))
  ORDER BY kilo DESC
  SEPARATOR ', ')
```

`CONCAT` ya MySQL nayo hurudisha NULL ikikuta NULL yoyote ndani yake, kwa hiyo mtego wa pweza upo palepale na dawa yake ni ileile. DISTINCT pamoja na kitenganishi chako, MySQL inakubali.

Katika jaribio jingine nilitaka ukurasa wa katibu uichukue sentensi hii, uikate kwenye mikato, uionyeshe kama jedwali. Nimeliacha. Kuna mvuvi ameandikwa "Hamisi, mdogo" ili asichanganywe na Hamisi mkubwa, na ule mkato ukamzaa mtu wa nne aitwaye "mdogo", mwenye mgao wake. Kama anayesoma ni programu nyingine, ipe mistari yenyewe, au tumia `JSON_ARRAYAGG`, ambayo inafungia kila kipande kwenye alama zake. Sentensi yenye mikato ni ya macho ya binadamu.

22 Machi 2025: meseji zinazokwisha mapema

Tulinunua meseji 1,000 kwa 25,000. Kwa vyombo kama ishirini, na siyo vyote hutoka kila siku (giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, likiisha wa dagaa hukaa pwani), zilipaswa kuvuka sikukuu ya Idi na kusogea. Leo salio limebaki kama 200.

Hesabu ya meseji iko hivi. Ukiandika kwa herufi za kawaida za simu, meseji moja inabeba herufi 160. Ikizidi hapo inagawanywa vipande vya 153. Lakini ikiingia herufi moja tu isiyo kwenye orodha hiyo ya kawaida, meseji nzima inabadilishwa mfumo, na sasa moja inabeba 70, na ikizidi, vipande vya 67. Kwa kupenda urembo nilikuwa nimeweka kitenganishi cha kidoti kinene, ` • `, badala ya mkato. Kidoti hicho hakimo kwenye orodha. Sentensi ya herufi 150, ambayo ingekwenda kama meseji moja, ikawa inakatwa vipande vitatu na kulipiwa vitatu.

Nimerudisha mkato na nafasi. Gharama ikashuka usiku uleule, isipokuwa kwa chombo kimoja tu, kilichoendelea kula meseji tatu tatu. Jina lake Tung'are.

Ilinichukua muda kuona. Ritifaa, ile alama ya kwenye ng', kwa kompyuta ni kijiti kilichonyooka. Simu ya katibu, kwa kutaka kupendeza, huiweka iliyopinda. Ukiziangalia kwenye kioo kidogo zinafanana, lakini iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za meseji. Mbaya zaidi, siku moja mweka hazina alikitafuta chombo hicho kwa ritifaa iliyonyooka, hakukipata, akakisajili upya. Tukawa na Tung'are wawili, kila mmoja na nusu ya safari zake na sentensi yake. Kwa lugha yenye ng' hili litawakuta wengi.

```
UPDATE vyombo SET jina = REPLACE(jina, '’', '''');
UPDATE safari SET chombo_id = 7 WHERE chombo_id = 23;
DELETE FROM vyombo WHERE id = 23;
ALTER TABLE vyombo ADD UNIQUE (jina);
```

Na sasa programu inainyoosha ritifaa kabla haijahifadhi chochote. Kama una jedwali ambalo kundi linafanywa kwa jina badala ya namba, anza kwa kulibadilisha hilo kabla hujagusa amri ya kuunganisha.

5 Aprili 2025: ripoti ya Machi iliyokatwa mkia

Mwezi ulipokwisha tulihitaji karatasi moja kwa kila chombo: tarehe zote na samaki wa kila tarehe. Hapa unaunganisha mara mbili, kwanza samaki kuwa safari, kisha safari kuwa mwezi:

```
SELECT c.chombo_id,
       GROUP_CONCAT(
         CONCAT(DATE_FORMAT(c.tarehe, '%d/%m'), ': ', c.samaki)
         ORDER BY c.tarehe SEPARATOR ', ') AS orodha
FROM ( ...swali la samaki kwa kila safari... ) c
GROUP BY c.chombo_id;
```

Kabla ya kuipandisha kwenye seva niliijaribu kwenye kompyuta yangu mpakato, ikatoka kamili. Kwenye seva nayo ikatoka, bila neno la hitilafu. Mweka hazina ndiye aliyeinua mkono: kwenye karatasi ya chombo kimoja, jumla ya kilo iliyo chini hailingani na orodha iliyo juu. Mstari wa mwisho wa orodha ulisomeka "28/03: changu 22 kg, tasi 1". Kwenye daftari tasi wa siku hiyo ni 14.

MySQL ina kipimo kiitwacho `group_concat_max_len`, na usipokigusa ni baiti 1,024. Sentensi ikifika hapo inakatwa, hata kama ni katikati ya namba. Tasi 14 akawa tasi 1, namba inayoaminika kabisa. Onyo lipo, ukiandika `SHOW WARNINGS` utaliona, lina namba 1260. Lakini programu yangu, kama programu nyingi, haikuwa inauliza maonyo.

Kwa nini kompyuta yangu haikukata? Kwa sababu natumia XAMPP, kifurushi cha kuendeshea seva kwenye kompyuta yako mwenyewe, nayo huja na MariaDB. MariaDB ni ndugu wa MySQL, amri ni zilezile, lakini tangu toleo la 10.2.4 kipimo hicho kwake ni zaidi ya baiti milioni moja. Majaribio ya nyumbani yasingeligundua hili hata kama ningeyafanya mwaka mzima.

Angalieni pia nani aliumia. Chombo kinachotoka mara mbili tatu kwa mwezi sentensi yake ni fupi, haigusi 1,024. Waliokatwa ni wale waliotoka karibu kila siku. Mchapakazi ndiye anayepunjwa, na anapunjwa mwishoni mwa mwezi, ambapo hakuna anayesoma hadi mwisho.

Kwenye seva ya kupanga huna ruhusa ya kubadilisha kipimo kwa wote, ila unaweza kukibadilisha kwa mazungumzo yako. Lazima iandikwe kila programu inapofungua mawasiliano, siyo mara moja tu:

```
SET SESSION group_concat_max_len = 200000;
```

Ili kujua ripoti zipi za nyuma zilikatwa, niliendesha swali la zamani likiwa na `HAVING LENGTH(orodha) > 1020`. Hutumii 1,024 kamili kwa sababu herufi yenye baiti zaidi ya moja ikiangukia mpakani, urefu unaweza kupungua kidogo. Karatasi zilizokutwa zimechapwa upya. Gharama: wino na karatasi, na soda ya mweka hazina, ambayo sikuidai risiti.

19 Aprili 2025: kwa wenye hifadhidata nyingine, na kilichobaki

Rafiki wa Lindi amenakili majedwali haya kwa ajili ya ufuta, yeye ana PostgreSQL. Kule amri ni `string_agg`, ipo tangu toleo la 9.0, na kitenganishi ni lazima. `||` inaunganisha maneno kama SQLite. Alichokutana nacho ni kwamba PostgreSQL inaihesabu NULL kuwa kubwa kuliko zote, kwa hiyo `ORDER BY kilo DESC` inaitanguliza mistari isiyo na kilo. Aongeze `NULLS LAST`, basi.

Wenye SQL Server wana `STRING_AGG` tangu toleo la 2017, na mpangilio wake unaandikwa nje ya mabano kwa `WITHIN GROUP (ORDER BY ...)`. Mkikuta maswali ya zamani yenye `FOR XML PATH`, ndiyo njia waliyokuwa wakizungukia kabla ya hapo; angalieni alama ya `&` isije ikatoka `&amp;`. Oracle ina `LISTAGG`, na ikizidiwa urefu inarusha kosa la ORA-01489 na kusimama. Watu wanailalamikia. Mimi baada ya tasi 1 ningependa MySQL nayo isimame hivyohivyo.

Mwaloni meseji zinakwenda kila jioni, na ile 25,000 ya pili inashuka kwa mwendo niliokuwa nimeukadiria. Karatasi za ubaoni zinaendelea, kwa ombi la manahodha wenyewe.

Kilichobaki ni dagaa. Hawapimwi kwa kilo wala kwa idadi, wanahesabiwa kwa ndoo, na kwa sasa katibu anaandika ndoo kwenye safu ya idadi, hivyo meseji inasema "dagaa idadi 40". Tajiri mmoja ameshajibu akiuliza kama hao arobaini wamehesabiwa kwa mkono. Jedwali la mavuno litaongezwa safu ya kipimo, na `coalesce` itabadilika isome hiyo badala ya neno "idadi". Nataka iwe tayari kabla ya giza la mwisho wa mwezi huu, vyombo vya taa vikianza kutoka.